Upatu wa akina mama na ule unaotangazwa polisi

Kila kampuni ya "wekeza leo uvune kesho" inapotoweka na pesa za watu, tangazo linalofuata ni lilelile: wananchi wajiepushe na upatu. Afisa anasema, mtangazaji anarudia, kichwa cha habari kinakoleza wino. Mama lishe wa stendi anasikia hayo redioni huku akihesabu elfu tano ya mchango wa upatu ya kumpa kijumbe wake, yule anayekusanya pesa za wenzake, jioni, na hajui kwamba anayesemwa ni yeye.

Upatu, au mchezo kama wengi tunavyouita Dar es Salaam, ni watu wanaofahamiana kuchanga kiasi sawa kila kipindi na kumpa mmoja wao chote, kwa zamu, mpaka kila mtu apokee. Basi. Wasomali wanao na wanauita ayuuto, Waethiopia ikub, Afrika Kusini stokvel. (Upatu wa shaba, ule wa kupigwa, tuuache kwenye ngoma zake.)

Sasa hesabu, maana ugomvi wote uko hapo. Akina mama kumi wa soko moja wanachanga elfu kumi kila mmoja kwa wiki. Kila Jumamosi mmoja anaondoka na laki moja. Wiki ya kumi ikiisha, kila mmoja ametoa laki moja na amepokea laki moja. Hakuna aliyezidishiwa hata shilingi. Mtu akikuambia yuko kwenye upatu "unaolipa", ama hajui anachokisema, ama yuko kwenye kitu kingine kabisa.

Kama hauzidishi, unasaidia nini? Unasaidia kwa zamu. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake elfu tisini bila riba, bila dhamana, bila fomu. Wa mwisho ameweka akiba mahali ambapo hawezi kuigusa, na mwenye biashara ya mezani anajua tabu ya akiba inayogusika: mtoto anadai daftari, shemeji anapita, jioni kibubu kimevunjwa. Wa katikati ana vyote viwili nusunusu. Pesa hiyo ikija kwa mkupuo ndipo muuza nyanya anachukua tenga zima kwa bei ya jumla, badala ya kununua ndoo moja moja kwa mchuuzi mwenzake ambaye naye ameshaweka faida yake.

Na zamu haziangukii watu kama mvua. Kijumbe mzoefu, mwenye lile daftari la kava gumu, anapita mezani kwa watu kila siku, kwa hiyo anajua nani anauza na nani wiki hii anafungua saa nne. Mgeni humuweka mwisho, kwa sababu asiyejulikana akipokea mapema anaweza kuhama soko. Mwenye mgonjwa huomba kubadilishana zamu na mwenzake, na mara nyingi hupewa. Benki ingeliita jambo hili tathmini ya mkopaji na ingelitoza ada. Kijumbe hupewa ujira kidogo, au zamu ya kwanza.

Piramidi ni mnyama mwingine. Huko unaahidiwa zaidi ya ulichotoa, na kwa kuwa hakuna kinachozalishwa, ziada hutoka mfukoni mwa anayeingia baada yako. Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za stempu za posta, kumbe alikuwa akiwalipa wa jana kwa pesa za leo. Kwetu Tanzania mfano unaokumbukwa ni kampuni ya DECI, iliyosimamishwa 2009. Watu "walipanda mbegu" wakingoja kuvuna zaidi, na wengi hawakuvuna. Magazeti yaliandika upatu, serikali ikasema upatu, na tangu hapo jina limeganda.

Tofauti inaonekana hata kwa kuangalia mlango. Upatu ukishaanza mlango unafungwa: kumi ni kumi, na mtu wa kumi na moja anasubiri mzunguko ujao. Piramidi ikifunga mlango imekufa, ndiyo maana kila aliyemo anakupigia simu uingie.

Wengine huuchanganya pia na kikoba, lakini hilo halinikeri sana. Kikoba wanachama wananunua hisa, mfuko unakua, unakopeshwa kwa riba, na mwisho wa mwaka unavunjwa na watu wanagawana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya aina hiyo katika daraja la nne.

Kinachonikeri ni mtu wa mradi anayefika sokoni na fulana yenye nembo na kuwaambia akina mama "acheni michezo, undeni kikundi". Nia anayo. Mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne ni ya wanawake, haina riba na inapitia vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo kusajili kikundi kuna faida. Lakini mikopo hiyohiyo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwa muda wote huo mchezo haukusimama, na waliouacha kwa kuambiwa ni utapeli walibaki na watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Mama anaweza kuwa na kikundi kilichosajiliwa na mchezo wake pia, na wengi ndivyo walivyo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika matangazo na habari, si ombi kubwa. Panapoahidiwa faida isiyo na biashara nyuma yake, andikeni piramidi, au utapeli, msomaji ataelewa. Najua upatu nao una visa vyake: mtu anapokea kisha anaacha kuchanga, kijumbe anazima simu na pesa za watu anazo. Wa kwanza ana deni, adaiwe. Wa pili ni mwizi, aandikwe mwizi.