Ombi la kutiliwa shaka kutoka kwenye kiendelezi cha kivinjari

Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari ili kukiongezea kazi: kuzuia matangazo, kutunza nywila, kupiga picha za skrini. Kinapohitaji kitu nje ya kompyuta, hutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta ya mbali inayojibu maombi kupitia mtandao. Kutuma ombi si kosa. Shaka huingia pale seva inayoendewa, au data inayobebwa, isipohusiana na kazi uliyokiwekea.

Mfikirie mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni Shela, Lamu. Kutwa kivinjari chake kina barua pepe zenye picha za pasipoti na malipo ya vyumba. Kiendelezi chake cha picha za skrini kiliomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, naye akaridhia. Kikianza kupeleka anwani ya kila ukurasa kwa seva asiyoijua, wanaoanikwa ni wageni wake.

Wengi wakishashuku hubonyeza F12, wakatazama sehemu ya "Network", wakaona shwari. Dirisha lile ni la ukurasa uliofunguliwa. Maombi ambayo kiendelezi hutuma chinichini hayaonekani humo. Kwenye Chrome, fungua chrome://extensions, washa hali ya msanidi ("Developer mode"), kisha bonyeza "service worker", yaani sehemu ya kiendelezi inayofanya kazi chinichini, chini ya jina la kiendelezi. Kwenye Firefox ni about:debugging. Katika dirisha linalofunguka chagua "Network", uliache wazi huku ukipita kurasa mbalimbali, utazame jina la seva na kilichobebwa. Herufi zilizovurugika mara nyingi ni Base64 tu, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida, ambayo yeyote anaweza kuifumbua. Ombi linalotoka kila unapobadilisha ukurasa linatisha kuliko linalotoka mara moja kutafuta sasisho.

Umaarufu usikupumbaze. The Great Suspender kilipendwa kwa kuokoa memori. Mwaka 2020 kikapata mmiliki mwingine, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu ya msimbo hasidi. Viendelezi hujisasisha vyenyewe, kwa hiyo ulichokikagua mwaka jana huenda si kile ulicho nacho leo.

Ukithibitisha, kizime, hifadhi picha za maombi hayo, kisha badilisha nywila ukitumia kivinjari kingine. Toka pia kwenye akaunti zako katika vifaa vyote, maana aliyeiba kidakuzi cha kuingilia (faili ndogo, "cookie", inayoiambia tovuti kwamba umeshaingia) huenda asihitaji nywila. Na kama data za wageni zimevuja kiasi cha kuwahatarisha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mwenye nyumba ya wageni amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundua.