Kipima mionzi kikinyamaza, si lazima mfuko uwe salama

Wengi huamini kwamba mfuko wa taka ukitoka chumba cha mionzi, ukipitishiwa kipima mionzi mara moja kikanyamaza, basi unaweza kutupwa na taka za kawaida. Si kweli, na kosa hili linaniuma, maana anayeumia ni mzoa taka asiyejua lolote.

Kimya kina sababu nyingi. Miale ya alfa, aina mojawapo ya mionzi, huzuiwa hata na karatasi, sembuse plastiki ya mfuko. Miale ya beta, aina nyingine, itokayo kwenye tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) ni dhaifu kiasi kwamba kipima cha Geiger, kipima mionzi cha kawaida, hakiioni kabisa. Na mkono ukienda mbio, hata kifaa kizuri hupitwa.

Pima kwanza mionzi ya asili ya mahali penyewe, mbali na vyanzo. Kisha sogeza kipima polepole, karibu kabisa na mfuko bila kuugusa, pande zote. Glovu yenye teknitiamu-99m, dutu ya mionzi itumikayo hospitalini kupiga picha za mwili, ikizidi kiwango hicho cha asili, ihifadhiwe: mionzi yake hupungua kwa nusu kila saa 6, hivyo baada ya saa 60 hubaki takriban sehemu 1 kwa 1,000. Halafu ipimwe tena. Isipozidi tena, alama za mionzi zibanduliwe kabla mfuko haujatoka kwenda kwenye taka za kawaida.