Mlamwongozo, kitindakurasa na wenzao

Juzi nilinunua pasi barabara ya Luthuli, hapa Nairobi. Muuzaji akaichomeka, akasubiri ipate moto, akaniambia, "Umeona, mama? Iko sawa." Kisha akachukua kijitabu cha maelekezo, akaanza kufutia nacho vumbi kaunta. Nikamshika mkono. Alinitazama kama niliyemwomba anifungie na moshi wa pasi.

Mimi mhariri wa istilahi, na ugonjwa huu ninao: sibonyezi kitufe kabla sijasoma kijitabu chote. Nyumbani wamechoka, wakaamua nipewe jina. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana jina la utani nalo lina ufundi wake.

La kwanza lilikuwa "msomamiongozo". Halikumchekesha mtu. Ni sahihi mno, lafaa kuandikwa kwenye mlango wa ofisi. Wifi yangu akabadilisha kitenzi: "mlamwongozo". Hapo wote walicheka, na sababu naijua. Sikio limeshamzoea mlariba, na tangu zamani "kula" katika neno hilo hakumaanishi chakula bali ulafi. Umbo hilo la kitenzi na yambwa yake (kile kinachotendwa), lililotupa pia kivunjajungu, lina kejeli ndani yake kabla hujaongeza mzaha wako.

Tulijaribu kuchanganya maneno pia, kama kipakatalishi kilivyotokana na kupakata na tarakilishi. Uraibu na mwongozo vikazaa "uraibongozo". Linasikika kama maradhi ya kupimwa damu, lakini lazima ulieleze kwanza, na mzaha wa kuelezwa umekwisha ladha. (Hata kipakatalishi chenyewe, mjini hapa wengi bado wanakiita laptopu.)

Ninalolipenda mimi ni "kitindakurasa", ndugu yake kitindamimba: anayesoma hadi ukurasa wa mwisho, masharti ya dhamana yakiwemo, na ule upande wa Kiarabu auangalie tu. Uzuri wake uko kwenye upatanisho. Kitindamimba ana ki- lakini ni mtu, kwa hiyo tunasema "kitindamimba wangu amefika", si "changu kimefika". Basi na mimi: kitindakurasa wetu amefika, ficheni rimoti. Ile ki- inanidunisha kidogo, "amefika" inanirudishia heshima.

Mume wangu ni "mbonyezaovyo". Pasi ile aliijaza maji ya mfereji nikiwa bado ukurasa wa nne. Ukurasa wa sita ulitaka yaliyochujwa.

Limebaki pengo moja. Nina droo ya vijitabu vya vyombo vilivyokwisha kufa, redio ya marehemu baba ikiwa ya kwanza, na kuvitupa siwezi. Mpwa wangu, shabiki wa kandanda, aliwaza mlinda lango, akaniita "mlindawosia".

Hilo nimelikubali bila kuhariri.