Dawa za Kuzuia Kalsiamu kwa Wagonjwa wa Presha na Moyo: Maswali na Majibu

Nimeandikiwa amlodipini na kuelezwa kwamba ni dawa ya kuzuia kalsiamu. Je, mifupa yangu haitadhoofika?

Haitadhoofika. Dawa hizi haziondoi kalsiamu kwenye mifupa wala haziipunguzi kwenye damu. Kazi yake ni kuzuia vijia vidogo sana vilivyo kwenye utando wa seli za misuli, ambavyo kalsiamu hupitia ili kuingia ndani ya seli. Endelea kunywa maziwa na kula dagaa kama ulivyozoea.

Kalsiamu inahusianaje na presha?

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, una tabaka la misuli laini, nayo hukaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Misuli hiyo ikikaza, mshipa hubana, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Dawa inapopunguza kalsiamu inayoingia, misuli hulegea, ateri hutanuka na presha hushuka. Aliyeufungua ukurasa huu ni mwanafiziolojia wa Kijerumani Albrecht Fleckenstein, wa Freiburg, ambaye katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba verapamili, mojawapo ya dawa hizi, huudhoofisha mkazo wa msuli wa moyo kama vile msuli huo umenyimwa kalsiamu, na kwamba kalsiamu ikiongezwa nguvu hurudi.

Huku kwetu dawa hizi zina uzito wa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa Waafrika 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa ama na haidroklorothiazidi ama na perindoprili, ambazo ni dawa za presha za makundi mengine, hushusha presha vizuri zaidi kuliko dawa hizo mbili zikitumiwa pamoja bila amlodipini.

Je, dawa zote za kundi hili ni sawa?

La, na tofauti yake si ndogo. Amlodipini na nifedipini hufanya kazi hasa kwenye mishipa ya damu. Verapamili na diltiazemu hufika pia kwenye moyo wenyewe, katika sehemu zinazoanzisha na kupitisha umeme wa mapigo, na kwa hiyo hutumika pia kupunguza kasi ya moyo unaokwenda mbio isivyo kawaida. Uwezo huohuo ndio hatari yake: verapamili ikichanganywa na atenololi au propranololi, ambazo nazo hupunguza kasi ya moyo, mapigo yanaweza kushuka kupita kiasi, na mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu hapaswi kupewa verapamili wala diltiazemu.

Zinamsaidiaje mwenye maumivu ya kifua ya angina?

Hutanua ateri zinazoulisha moyo, na pia huupunguzia moyo kazi, hivyo mahitaji yake ya oksijeni hupungua. Hufaa sana pale maumivu yanapotokana na ateri ya moyo kujikaza ghafla, jambo ambalo mara nyingi hutokea usiku au alfajiri mtu akiwa amepumzika. Haziondoi mafuta yaliyoganda kwenye kuta za ateri.

Tangu nianze amlodipini miguu inavimba. Je, figo zangu zimeharibika?

Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu wengi huiacha dawa kimyakimya kwa hofu hiyo. Kwa kawaida uvimbe huu huonekana jioni: soksi huacha alama kwenye kifundo, na ukibonyeza kwa kidole gumba hubaki kishimo. Chanzo chake ni kwamba dawa hutanua zaidi ateri ndogo kuliko inavyotanua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hivyo msukumo huongezeka ndani ya mishipa midogo kabisa iliyo katikati, na maji huvuja kuingia kwenye nyama za mguu. Kwa kuwa si maji yaliyozuiliwa na figo, vidonge vya kukojoza mara nyingi havisaidii sana. Daktari anaweza kushusha dozi, kwani miligramu 10 huvimbisha zaidi ya miligramu 5, au kuongeza dawa nyingine ya presha kama enalaprili au losartani, ambazo hutanua vena pia, au kukubadilishia dawa. Hata hivyo, uvimbe unaoambatana na kukosa pumzi, au wa mguu mmoja wenye maumivu, una sababu nyingine na unahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Presha ikipanda ghafla, niweke nifedipini chini ya ulimi?

Usifanye hivyo hata kidogo, ingawa zamani hata hospitalini ilikuwa desturi. Nifedipini ya kufanya kazi haraka huiporomosha presha kiasi kwamba ubongo na moyo hukosa damu ya kutosha, na wapo waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa njia hiyo. Nifedipini inayoachiliwa polepole nayo imezwe nzima. Ukiitafuna au kuiponda, dozi yote huingia mwilini kwa mkupuo.

Kuna vitu vya kuepuka ninapozitumia?

Balungi huongeza kiwango cha baadhi ya dawa hizi kwenye damu, hasa nifedipini na verapamili. Klarithromisini, dawa ya kuua bakteria, nayo huongeza kiwango hicho, ilhali rifampisini, ambayo hutumika kutibu kifua kikuu, hukipunguza mno. Anayemeza simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, pamoja na amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Kila unapoandikiwa dawa mpya, mwonyeshe mfamasia vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vile ulivyoandikiwa katika kliniki nyingine.