Mashujaa 108 wa Liangshan si wote walioishi

Ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu unadai kuwa waasi 108 wa Liangshan, nchini China, waliishi kweli, na kwamba mmoja wao, Wu Song, alimuua chui milia kwa ngumi. Tusiendelee kuusambaza.

Aliyeishi ni kiongozi wao, Song Jiang. Historia rasmi ya nasaba ya Song, iliyokamilika mwaka 1345, inamtaja akizunguka na watu 36, kisha akijisalimisha mwaka 1121. Mistari michache tu, na chui milia hamna. Idadi ya 108 inatoka kwenye riwaya iliyoandikwa baadaye, Shuihu Zhuan, nayo imejengwa juu ya imani ya Kitao, dini ya kale ya China: nyota 36 za mbinguni na 72 za ardhini. Anayetaka kuhakiki alinganishe maandishi hayo mawili.

Kuchanganya kunaeleweka. Wasimulizi waliipamba habari hii kwa vizazi, na riwaya inataja miji na maofisa wa kweli kabisa. Tena Hangzhou kuna kaburi lenye jina la Wu Song, lililojengwa upya karne hii. Linaonyesha jinsi anavyopendwa. Halithibitishi ngumi zile.