Kizimba cha Kinyonga Hupangwa Kuanzia Juu

Kizimba cha kwanza nilichomwekea kinyonga kilikuwa tangi la kioo lililowahi kufugiwa samaki. Lilikuwa pana, safi na la kupendeza macho, lakini ndani ya wiki tatu yule mnyama alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani na ngozi imefifia. Sikumnyima maji, au ndivyo nilivyodhani, kwa sababu bakuli lilikaa limejaa chini ya kitawi chake usiku na mchana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila nilichokiweka mle kilimfaa mnyama anayetambaa ardhini, ilhali kinyonga huyu ni mkaazi wa mitini anayeweza kumaliza siku nyingi bila kugusa chini. Tangu wakati huo nimetengeneza vizimba vingi, vyangu na vya wafugaji walioniomba ushauri, na kila mara naanza kupanga kutoka paani na kushuka.

Kabla ya kupima mbao au wavu, ni lazima ujue unamjengea kinyonga wa aina gani, kwa kuwa spishi zake ni zaidi ya 200 na makazi yake hayafanani. Wanaofugwa zaidi ni Chamaeleo calyptratus, ambaye asili yake ni Yemeni na Saudia, na Furcifer pardalis wa Madagaska, anayesifika kwa rangi zake. Trioceros jacksonii, ambaye dume wake ana pembe tatu, hutoka nyanda za juu za Kenya na Tanzania na hudhoofika haraka katika chumba kisichopoa usiku. Vipimo ninavyovitaja hapa ni vya hao wawili wa kwanza waliokwisha kukomaa. Huyo wa milimani anahitaji joto la chini zaidi.

Kwa kinyonga mmoja aliyekomaa, kizimba chenye upana na kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 120 ndicho kidogo kabisa ninachokikubali. Nasema mmoja kwa makusudi. Vinyonga hawa huishi peke yao, na wawili wakiwekwa pamoja, mmoja huminywa polepole bila vita yoyote ya kuonekana: hukosa sehemu ya kuotea joto, hula kidogo, kisha huugua. Hata taswira yake mwenyewe kwenye kioo inaweza kumtia hofu kutwa nzima. Kizimba chenyewe kiinuliwe juu ya meza imara au stendi, hivi kwamba vitawi vya juu vipite kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Ndege wawindaji humshambulia kutoka juu, na kwa hiyo mtu anayemwinamia kila akipita humtisha kama wao. Upande wa nyuma na angalau mmoja wa kando uzibwe usionyeshe kitu, ili awe na pembe ya kujificha.

Wafugaji hubishana sana juu ya wavu na kioo, nami naona mara nyingi wanabishania jambo lisilo kiini. Linalotakiwa ni hewa inayotembea. Hewa yenye joto na unyevu ikituama, bakteria na ukungu hustawi, na maradhi ya mapafu hayachelewi kufuata. Hata hivyo, kizimba cha wavu pande zote kikiwekwa katika chumba kikavu na chenye baridi hupoteza unyevu wote dakika chache baada ya kunyunyiziwa. Mimi huacha paa likiwa la wavu, huziba pande tatu kwa bamba la plastiki, na huacha mwanya mpana wa wavu sehemu ya chini mbele. Taa zikipasha hewa ya juu, hewa hiyo hupanda na kutoka, na hewa safi huvutwa kutoka chini. Kizimba cha kioo chenye mianya ya namna hiyo nacho hufaa. Tumia wavu wa alumini uliopakwa rangi. Ule laini wa nyuzi za plastiki hutafunwa na nyenje wa kulishia, nao watakuzagalia chumbani.

Sehemu inayonichukua muda mwingi kuliko zote ni vitawi. Mguu wa kinyonga una vidole vitano vilivyofungamana katika mafungu mawili, moja la vidole viwili na jingine la vitatu, nao hukamata kitawi kama koleo. Mguu wa aina hiyo hauna kazi kwenye sakafu tambarare, wala haupati nguvu kwenye fimbo moja nyororo iliyokatwa dukani. Changanya unene, kuanzia vitawi vyembamba kama penseli hadi vya unene wa kidole gumba, vyenye gome la kukwaruza, na uvifunge kwenye fremu badala ya kuviegemeza kwenye wavu. Vingi vilale karibu mlalo na kwa vimo tofauti, viungane kama barabara, ili aweze kwenda kwenye joto, kwenye kivuli na kwenye maji bila kuukwea wavu. Kitawi cha juu kabisa kiwe sentimita 20 hadi 25 chini ya paa. Nitaeleza sababu nikifika kwenye taa.

Majani yajae katikati na kwenye pembe, na sehemu ya mbele iachwe wazi kiasi, kwa sababu ulimi wake unahitaji nafasi. Mimea ya Schefflera arboricola, Epipremnum aureum, Ficus benjamina na Hibiscus rosa-sinensis imenifaa kwa miaka mingi. Osha majani kwa maji mengi na ubadilishe udongo wa kwenye chungu, maana mimea ya kuuzwa mara nyingi imepuliziwa dawa. Kinyonga wa Yemeni hula majani kwa kweli kabisa, kwa hiyo usishangae kuukuta mmea wako umetobolewa.

Taa zinazohitajika ni mbili, na haziwezi kubadilishana kazi. Moja hutoa miale ya urujuanimno aina ya UVB, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo, kalisi ya kwenye chakula hainyonywi vizuri na mifupa hulainika. Mnyama hupata matege, taya hulegea, na mara nyingi mfugaji hutambua wakati miguu imekwisha kupinda. Mwanga wa jua unaopita kwenye kioo cha dirisha hausaidii, kwa kuwa kioo huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Napendelea taa ya mrija aina ya T5 inayokaribia upana wote wa kizimba. Balbu ndogo za kujipinda huangaza eneo finyu mno. Kwenye kitawi cha kuotea joto, kielezo cha UV, yaani kipimo cha nguvu ya miale ya urujuanimno, kiwe karibu 3, nacho kipungue kadiri anavyoshuka kwenye majani, achague mwenyewe. Wavu wa paa hupunguza miale kwa takriban theluthi moja, na umbali huipunguza zaidi; ndiyo maana kimo cha kitawi cha juu hupimwa kwa rula, hakikisiwi. Mrija huendelea kung'aa machoni petu hata baada ya miale yake kupungua, kwa hivyo asiye na kifaa cha kuipima aubadilishe kila mwaka.

Taa ya pili ni ya joto, nayo ni balbu ya kawaida ya kuelekeza mwanga, iliyowekwa nje juu ya wavu. Pima joto pale mgongo wake utakapokuwa, si pale miguu inaposhika: nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi zinatosha, na sehemu za chini zibaki kwenye 22 hadi 25. Nimeona mgongo na kilemba cha kichwani vimeungua kwa sababu mnyama aliweza kujisogeza hadi kwenye wavu, akatulia hapo. Hakimbii joto linalomchoma kama ambavyo sisi tungekimbia. Usiku zima kila kitu, pamoja na zile balbu nyekundu zinazodaiwa hazimsumbui, na acha joto lishuke hadi 20 au chini kidogo. Saa 12 za mwanga kwa siku, zikiongozwa na swichi ya saa, humfaa kuliko kumbukumbu yako.

Sasa turudi kwenye lile bakuli langu. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia. Hulamba matone yanayometameta kwenye majani. Porini hupata umande na ukungu usiku, kisha mchana hukauka, na ratiba hiyo ndiyo tunayoiiga. Nyunyizia kwa muda wa dakika mbili hivi kabla ya taa kuwaka na tena baada ya kuzimwa, ili unyevu wa usiku ufikie asilimia 80 au zaidi, na mchana uuache ushuke hadi 40 au 50. Adhuhuri weka juu ya paa chombo chenye tundu dogo kidondoshe maji majanini kwa saa moja au mbili, na chini uweke trei ya kuyapokea. Kinyesi chake kitakupa majibu: sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa iliyokolea, hanywi ya kutosha.

Sakafu naiacha tupu, ni rahisi kuifuta. Kwa jike wa spishi hizo mbili weka ndoo au sanduku lenye mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30, unaoweza kuchimbwa handaki lisibomoke. Jike wa Yemeni hutaga hata kama hajawahi kumwona dume, na akikosa pa kuchimba mayai hubaki tumboni yakamuua. Trioceros jacksonii huzaa watoto hai, haihitaji sanduku hilo.

Kila kitu kikishafungwa, kiendeshe kizimba kitupu kwa wiki nzima, na vipimajoto na vipima unyevu viwekwe juu, katikati na chini. Ni rahisi kuhamisha taa kabla mnyama hajaingia. Akishaingia, mchunguze usiku wa kwanza na wa pili kwa mwanga hafifu kutoka mbali: kinyonga aliyepata mahali pake hulala kwenye ncha ya kitawi chembamba, rangi imepauka, mkia umejikunja. Ukimkuta amelala ameng'ang'ania wavu, ongeza vitawi upande huo kesho yake asubuhi.