Mchague Mfadhili Kabla ya Kushika Kalamu

Wengi wanaonijia wakitafuta fedha za masomo au za utafiti huja andiko likiwa tayari. Wamelihangaikia kwa miezi, wamelisahihisha mara kadhaa, na wanachotaka ni niwaambie walipeleke wapi. Naumia nikiliona hilo, kwa sababu andiko lililoandikwa kabla ya kujua nani atalisoma hulazimika kuvunjwa na kujengwa upya, na mara nyingi tarehe ya mwisho imeshakaribia.

Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti na wanafunzi kuandaa maombi, na mara kwa mara huitwa kwenye majopo yanayoyapima. Nikiangalia maombi yanayoanguka, mengi yalishaanguka kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa: mfadhili hakuwa anatafuta kitu kile.

Mwaka 2012 watafiti wa Australia walipeleka maombi 3,727 kwenye mfuko mkuu wa taifa wa utafiti wa afya. Wataalamu waliochunguza suala hilo walikadiria kuwa kuyaandaa kulikula jumla ya miaka 550 ya kazi, na yaliyopata fedha yalikuwa kama moja kati ya matano. Lakini kuna tokeo jingine ambalo huwa nawasomea waombaji polepole: waliotumia siku nyingi zaidi kuandika hawakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata. Simaanishi watu waandike ovyo. Namaanisha kwamba wiki ya mwisho ya kubadilisha vivumishi ingekuwa na faida zaidi kama ingetumika mwanzoni kumchunguza mtoa fedha.

Kwanza, fahamu fedha unayoiomba inanunua nini. Ufadhili wa masomo, kwa sehemu kubwa, unawekezwa kwa mtu. Jopo linataka kujua ukishasoma utafanya nini, wapi, na kwa ajili ya nani. Ndiyo maana Chevening ya Uingereza hudai uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800 na ahadi ya kurudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo. Fulbright ya Marekani, iliyoanza mwaka 1946, ilizaliwa ili watu wa mataifa mbalimbali wafahamiane. Mwombaji anayeeleza maabara tu bila kusema atakutana vipi na watu anaacha wazi swali ambalo programu nzima ilianzishwa kulijibu. Ruzuku ya utafiti inauliza mambo mengine kabisa. Baraza la Utafiti la Ulaya humpa mtafiti anayeanza kujitegemea hadi euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, na kigezo chake ni kimoja tu, ubora wa kisayansi. Ukilipelekea baraza hilo kurasa za manufaa kwa jamii, zinaweza kuwa za kweli na za kugusa moyo, ila hazina mahali pa kupewa alama.

Sasa utafutaji. Mimi huanzia kwenye shukrani. Chukua makala za kitaalamu unazozitegemea zaidi katika somo lako, nenda mwishoni, na usome waandishi wamemshukuru nani. Majarida mengi huwataka wataje aliyewalipia, mara nyingi pamoja na namba ya ruzuku. Namba hiyo ni mali. Ipeleke kwenye hifadhidata za wafadhili, ambazo ziko wazi kwa yeyote na hazilipiwi: RePORTER ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), CORDIS ya Umoja wa Ulaya, Gateway to Research ya Uingereza. Utaona jina la mradi, muhtasari wake, taasisi iliyoupata, muda, na kwa kawaida kiasi cha fedha. Soma muhtasari mmoja baada ya mwingine mpaka uanze kuona mfadhili anapenda maswali ya ukubwa gani, na kama amewahi kumpa fedha mtu wa hatua yako. Mfadhili anayetangaza kwamba anapenda fani zote lakini kwa miaka kadhaa hajalipia hata mradi mmoja unaofanana na wako ameshakujibu.

Kwa wanafunzi kuna jambo ambalo ningetamani lingesemwa kwa sauti kubwa zaidi. Fedha nyingi za uzamivu hazitangazwi kabisa kama ufadhili. Ujerumani, Uholanzi, Sweden na Norwei nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira, zenye mkataba na mshahara, kwenye kurasa za nafasi za kazi za vyuo. Marekani na Kanada, hasa katika sayansi, wanafunzi wengi wa uzamivu hulipiwa kwa kuwa wasaidizi wa kufundisha au wa utafiti, na fedha hiyo huja pamoja na barua ya kupokewa chuoni. Anayetafuta neno ufadhili pekee anapita mlangoni bila kuuona. Huko, barua yako fupi kwa profesa unayetaka akusimamie ina uzito kuliko fomu yoyote. Iandike baada ya kusoma kazi yake ya karibuni, taja kitu kimoja ndani yake kilichokufanya ufikiri, na umuulize waziwazi kama ana fedha za mwanafunzi mpya mwaka huo. Hilo si swali la aibu. Yeye mwenyewe analifikiria kila mwaka.

Na yeyote anayekutaka utume fedha ili upewe ufadhili, kwa jina la ada ya usajili, bima au kufungua faili, achana naye.

Ukishampata mfadhili anayekufaa, lisome tangazo lake kama unavyosoma mkataba wa nyumba kabla ya kutia sahihi. Anza na sharti la kustahiki, maana hapo hakuna wa kumbembeleza. Ruzuku za Umoja wa Ulaya ziitwazo Marie Skłodowska-Curie, za watafiti waliomaliza uzamivu, zina kanuni ya kuhama: katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho, usiwe umeishi au kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoomba kwenda. Mtu aliyehamia huko miezi 14 iliyopita hastahiki, hata awe na wazo zuri namna gani. Programu ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, kwa kozi zinazohusu maendeleo kwa kawaida hutaka isiwe imepita zaidi ya miaka sita tangu upate shahada yako ya mwisho na uwe umefanya kazi kwa angalau miaka miwili. Mambo haya yanajulikana siku ya kwanza, na inasikitisha kumwona mtu akiyagundua siku ya kutuma.

Kisha tafuta alama zinagawanywaje. Katika ruzuku hizo za Marie Skłodowska-Curie, ubora hubeba asilimia 50, matokeo yatakayoonekana baadaye 30, na utekelezaji 20. Kurasa za sehemu kuu ni 10, na ukizidisha, mfumo huzificha kurasa za ziada hivi kwamba wahakiki hawazioni kabisa. Nimesoma maandiko ambayo sayansi imekula karibu nafasi yote na utekelezaji umebanwa kwenye aya mbili mwishoni. Sayansi ilikuwa safi. Lakini mhakiki ana kisanduku cha kujaza kuhusu utekelezaji na hana cha kuandika humo, basi alama zinapotea hivihivi.

Angalia pia saa ya kufunga na ni saa ya mji gani; ruzuku nyingi za Umoja wa Ulaya hufungwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels. Na kama chuo chako lazima kitie sahihi, ofisi ya utafiti itakuwa na tarehe yake ya ndani, ya mapema zaidi.

Sasa uandishi wenyewe, ambao ndiko moyo wangu uliko. Mfikirie mhakiki. Ana kazi yake ya kila siku, amepewa rundo la maandiko, na huenda fani yake ni jirani tu ya fani yako. Kwenye majopo ya NIH kwa kawaida wahakiki wapatao watatu ndio hukabidhiwa andiko walisome kwa kina, lakini wajumbe wengine wa jopo nao hutoa alama, na wengi wao watakuwa wamelifahamu kupitia ukurasa mmoja wa malengo na maelezo ya wale watatu. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza unamwandalia mtu maneno ya kukutetea mbele ya wenzake. Akishindwa kueleza wazo lako kwa sentensi mbili, hatakutetea.

Tazama mfano huu niliouunda kwa ajili ya mafunzo. Mwanzo wa kwanza: "Wadudu waharibifu wa nafaka ni tatizo kubwa duniani linalohitaji utafiti wa kina. Utafiti huu utachunguza athari zao kwa usalama wa chakula." Hakuna kosa la lugha hapo, na hakuna kitu pia. Sasa mwanzo wa pili: "Dumuzi hushambulia mahindi yaliyokwisha kukaushwa na kuhifadhiwa. Gunia lisilopitisha hewa humuua kwa kumkosesha oksijeni, lakini taya zake zinaweza kulitoboa gunia lenyewe kabla hajafa. Tutapima, kwa miezi 18, jinsi uchakavu wa gunia na wingi wa wadudu siku ya kulifunga vinavyoamua ni kipi kitatangulia, kifo cha mdudu au tundu. Matokeo yatatuwezesha kusema gunia litumike misimu mingapi kabla ya kutupwa."

Katika mwanzo wa pili kuna mashindano kati ya vitu viwili, kuna kitakachopimwa, kuna muda, na kuna mtu atakayelitumia jibu. Mhakiki ambaye hajawahi kumwona dumuzi anaweza kulieleza jopo jambo hilo bila kufungua karatasi. Maneno kama "muhimu sana", "ya kipekee" na "kwa mara ya kwanza" hayakuhitajika. Ninapopitia andiko la mtu, huyafuta hayo kwanza na kutazama kinachobaki.

Bajeti nayo husomwa kama sehemu ya hoja, ingawa waombaji wengi huijaza usiku wa mwisho. Mstari unaosema "Safari, dola 5,000" unamwambia mhakiki kwamba umekisia. Andika hivi: safari 12 za kukusanya sampuli, watu 2, siku 3 kila safari, posho dola 40 kwa mtu kwa siku, jumla 2,880, gari siku 36 kwa dola 60, jumla 2,160, mstari mzima 5,040. Sasa anaweza kurudi kwenye mpango wa kazi na kukuta safari hizo hizo 12. Zikiwa 8 kule na 12 huku, ataacha kuuamini ukurasa unaofuata. Na usijinyime ukidhani bei ndogo itawavutia. Jopo likiona mradi hauwezi kutekelezeka kwa fedha uliyoomba, linaiona fedha hiyo kuwa itapotea. Watu husahau ada ya kuchapisha makala, kibali cha kamati ya maadili, makato ya benki na ubadilishaji wa fedha, pamoja na gharama za uendeshaji ambazo chuo hukata.

Mwanafunzi naye apige hesabu. Ufadhili wa Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kozi za uzamili, ni euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na humo humo mna nauli, viza na gharama za kuanza maisha. Kwa kuwa kozi zenyewe hupita angalau nchi mbili, utahama zaidi ya mara moja.

Barua za mapendekezo nitazigusia tu. Mwombe anayeifahamu kazi yako kwa karibu, hata kama cheo chake ni kidogo. Mpe tangazo, rasimu yako, na orodha fupi ya mambo mliyofanya pamoja, wiki kadhaa mapema.

Kisha kuna majibu, na mengi ni ya kukataliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wahakiki 43 maombi 25 ambayo yote hatimaye yalipata fedha za NIH, na wahakiki waliosoma andiko moja hawakukubaliana kuhusu ubora wake kwa kiwango cha kutegemewa. Wafadhili wenyewe wanalijua hilo. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand lilianza mwaka 2013 kutumia bahati nasibu kuchagua kati ya maandiko yaliyokwisha kupita mchujo wa ubora kwa aina moja ya ruzuku, na British Academy ya Uingereza ilianza jaribio la namna hiyo mwaka 2022. Andiko zuri linaweza kukosa fedha bila kuwa na kasoro yoyote ya kutaja.

Maoni ya wahakiki yakija, yaache siku chache halafu yagawe mafungu mawili. La kwanza ni yale yanayoonyesha udhaifu wa kweli: sampuli chache, hakuna mtaalamu wa takwimu, mbinu haijajaribiwa. Hayo yanarekebishwa kwa kazi, siyo kwa maneno. La pili ni yale ambayo mhakiki amekosa kuelewa kitu ulichokiandika. Usimjibu kwamba kipo ukurasa wa saba. Kihamishie ukurasa wa kwanza. NIH huruhusu andiko lililorekebishwa kurudishwa ndani ya miezi 37, likitanguliwa na ukurasa mmoja wa kueleza mabadiliko. Tumia ukurasa huo kutaja kila hoja nzito na mahali ulipoishughulikia. Usipokubaliana na hoja fulani, sema hivyo kwa sentensi moja na uweke takwimu yako pembeni yake.